Katalogi ya mbegu: Tazama mwinuko kabla ya magunia

Msimu wa upanzi unapokaribia, maduka ya pembejeo hujaa vijitabu vya rangi vya kampuni za mbegu. Wakulima wengi hutazama picha ya mahindi manono, husoma idadi ya magunia kwa ekari, kisha hutoa pesa. Hapo ndipo hasara huanzia.

Kijitabu cha kampuni ni katalogi, lakini pia ni tangazo la biashara. Katalogi ya pili, ambayo wachache huiulizia, ni orodha ya kitaifa ya aina za mimea inayotolewa na shirika la KEPHIS. Aina ya mbegu huingia humo baada ya kufanyiwa majaribio katika maeneo mbalimbali. Orodha hiyo haina picha za kuvutia. Inachoeleza ni mwaka aina hiyo ilipoidhinishwa, mwenyewe ni nani, inastawi katika mwinuko gani na hukomaa baada ya muda gani.

Chukua H614, inayosifiwa sana Trans Nzoia. Hii ni mbegu ya nyanda za juu, mita 1,500 hadi 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hukaa shambani takriban miezi sita. Anayeipanda Makueni kwa sababu shemeji yake wa Kitale alijaza ghala, mvua itamkatikia mahindi yakiwa bado mabichi. Huko hufaa mbegu za maeneo kame kama DH04, inayokomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Kwenye karatasi magunia yake ni machache, lakini angalau huvunwa.

Tena magunia yanayotajwa ni ya shamba lililopata mbolea, palizi na mvua kwa wakati. Anayepanda bila mbolea asimlaumu mwenye duka.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani, orodha huamua hata kinachoruhusiwa kuuzwa. Chini ya kanuni za COMESA za mwaka 2014, aina iliyoidhinishwa katika nchi mbili wanachama na kuingizwa kwenye katalogi ya jumuiya hiyo inaweza kuuzwa katika nchi zote wanachama. Kenya imo. Tanzania ilijitoa mwaka 2000 na hufuata utaratibu wa SADC, wenye katalogi yake. Hivyo pakiti iliyo halali Arusha si lazima iwe halali Kajiado, na mwenye duka anayeijaza rafuni bila kuuliza huenda akanyang'anywa mzigo wote.