Amri ya Serikali, Kiwanda na Mafao ya Wengi



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi swali linalozaliwa kila mara ugonjwa wa mlipuko unapotikisa mataifa: je, ni halali Serikali kumwamuru mwenye kiwanda atengeneze nini, na amuuzie nani? Baadhi yetu tuliolima kahawa na mahindi huku Mbozi tutasema hapana upesi, maana tunajua uchungu wa kuamriwa pa kuuzia jasho letu. Hata hivyo, sisi tunaona kwamba ni halali, tena wakati mwingine ni wajibu, lakini kwa mipaka ambayo Serikali nyingi hupenda kuisahau.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Kanisa katika Ulimwengu wa Leo (na. 69), unafundisha kwamba Mungu aliikusudia dunia na vyote vilivyomo kwa matumizi ya wanadamu wote. Mwaka 1967 Papa Paulo VI, katika waraka wake juu ya maendeleo ya watu, alieleza kwamba haki ya kumiliki mali si haki isiyo na masharti, na kwamba yapo mazingira ambamo mafao ya wengi hudai hata mashamba makubwa yatwaliwe. Ikiwa ni hivyo kwa shamba, basi ni hivyo pia kwa mtambo wa oksijeni wakati watu wanakata roho kwa kukosa hewa. Marehemu Papa Fransisko, mwezi Mei 2021, aliunga mkono kusimamishwa kwa muda kwa haki miliki za chanjo, nasi tunadhani alikuwa anatembea katika njia ileile ya kale.

Tutazame yaliyotokea barani mwetu. Afrika Kusini, katika mji wa Gqeberha, kampuni ya Aspen ilikuwa inajaza na kufungasha chanjo ya Johnson & Johnson. Mwezi Agosti 2021 ikafahamika kwamba mamilioni ya dozi zilizofungashwa pale zilikuwa zinapelekwa Ulaya, wakati Afrika Kusini yenyewe ilikuwa bado inasubiri sehemu kubwa ya dozi ilizoagiza. Kilichosikitisha zaidi ni kwamba, katika mkataba wa kununua chanjo hiyo, Serikali ya nchi ile ilikuwa imekubali kuacha haki yake ya kuzuia dozi zisisafirishwe nje. Hapa mamlaka ya dharura hayakunyang'anywa kwa mtutu. Yaliachwa kwa kalamu, na mnunuzi mwenye shida. Ni baada tu ya makelele ya watu ndipo Umoja wa Ulaya ulipokubali dozi zibaki Afrika na zilizokwisha kwenda zirudishwe.

Upande mwingine, India mwezi Machi 2021 ilibana usafirishaji wa chanjo kutoka kiwanda cha Serum cha mjini Pune, kwa sababu maambukizi yalikuwa yanapanda kwa kasi nchini mwake. Mpango wa COVAX, uliozitegemea dozi hizo, ukakwama, na nchi maskini zikangoja hadi mwezi Novemba usafirishaji ulipoanza tena. Je, tuwalaumu Wahindi? Baba wa familia hulisha kwanza watoto wake. Lakini asiye na shamba hana la kulisha wala la kubania.

Nako Marekani ipo sheria ya mwaka 1950, iliyotungwa wakati wa vita vya Korea, inayompa Rais uwezo wa kuviamuru viwanda. Mwezi Machi 2020 ilitumika kuiamuru kampuni ya magari ya General Motors itengeneze mashine za kupumulia. Mwezi uliofuata sheria hiyohiyo ikatumika kuhimiza machinjio ya nyama yaendelee na kazi, ilhali maelfu ya wafanyakazi waliosimama bega kwa bega ndani yake walikuwa wameambukizwa. Sheria ni moja, lakini amri ya kwanza ilitafuta pumzi ya mgonjwa, na ya pili ilihatarisha pumzi ya mchinjaji. Ndiyo maana hatukubali mtu anapotuambia kwamba neno "dharura" linatosha peke yake.

Wapenzi wa Maandiko watakumbuka habari za Yosefu. Katika Mwanzo sura ya 41 anakusanya sehemu moja ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya shibe, na Misri inaokoka. Mahubiri mengi huishia hapo. Tukiendelea hadi sura ya 47 tunakuta kwamba njaa ilipokolea, watu walitoa fedha zao, kisha mifugo yao, kisha mashamba yao na nafsi zao, na nchi yote ikawa ya Farao, isipokuwa ardhi ya makuhani (na hili sisi mapadre tulisome kwa unyenyekevu). Ghala lililookoa maisha liligeuka mlango wa utumwa, kwa kuwa hakuna aliyeweka siku ya kurudisha.

Katiba yetu ya mwaka 1977 imeweka siku hiyo. Ibara ya 32 inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari, lakini Bunge sharti liitwe ndani ya siku 14, na azimio la kuunga mkono lipate kura za theluthi mbili ya wabunge wote. Ibara ya 24 inakataza mtu kunyang'anywa mali yake pasipo idhini ya sheria na fidia inayostahili. Wakati wa UVIKO-19 hali hiyo haikutangazwa nchini mwetu. Shida yetu ilikuwa nyingine, maana Serikali haiwezi kuamuru chochote dhidi ya ugonjwa isioutaja. Ilibidi mwezi Januari 2021 Mhashamu Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Mbeya, wakati ule Rais wa Baraza la Maaskofu, awaandikie waamini kuwaonya juu ya wimbi jipya la maambukizi. Chanjo za kwanza, dozi 1,058,400 zilizotoka Marekani, zilifika Julai mwaka huohuo.

Sisi wa Songwe tuliuonja utegemezi huu kabla ya chanjo. Mwezi Mei 2020 Zambia ilipofunga kwa muda mpaka wake wa Nakonde, malori yalijipanga Tunduma, na kila mtu akaona jinsi amri ya jirani inavyoweza kuisimamisha barabara yetu. Barabara hiyohiyo inapita Makambako, ambako Bohari ya Dawa imejenga kiwanda cha mipira ya mikono pale Idofi. Hicho ni kiwanda tunachoweza kukiamuru wenyewe. Tunaomba wabunge wetu waulize mapema, kabla ugonjwa mwingine haujabisha hodi: amri hiyo itatolewa na nani, kwa bei gani, wafanyakazi wake watakingwaje, na itakoma lini.