Hasheem hakuwa garasa, someni kikosi vizuri

Chuo kimefunguliwa, foleni ya usajili bado ndefu, lakini hosteli yetu tayari iko kwenye msimu mpya. Kila Oktoba ni hivi hivi. Siku chache kabla NBA haijaanza tunakaa juu ya dabo deka, kila mtu na simu yake, tunabishana nani kabaki, nani katemwa, nani kaletwa. Watu wa Lakers wana kelele kama kawaida yao. Mimi ni wa Oklahoma City Thunder, na kabla hamjasema nimefuata ubingwa wao wa 2025, jueni niliianza hii timu nikiwa darasa la tatu, kwa sababu moja tu: benchi lao lilikuwa na Mtanzania.

Sasa juzi ubishi ukafika kwake. Jamaa mmoja wa Dar (nampenda lakini mdomo wake hauna breki) akasema, "Yule Hasheem Thabeet alikuwa garasa tu, namba mbili ya bure." Chumba kizima kikacheka. Mi nikanyamaza, na wanaonijua wanajua kunyamaza sio fani yangu.

Nilikuwa namuwaza mdogo wangu. Yuko nyumbani Oldonyo Sambu, kidato cha pili, na keshanipita urefu. Likizo iliyopita tulimwomba fundi atuchomelee ringi ya nondo, tukaifunga kwenye nguzo. Upepo wa upande ule wa Meru mnaujua, ukirusha mpira kutoka mbali ni bahati nasibu, na vumbi lake usiseme. Watoto wanaopita na ng'ombe wakawa wanamwita "Hasheem! Hasheem!" na dogo akawa anafurahi kweli. Mpaka pale kijiweni barabarani mtu akawaeleza kwamba huyo Hasheem alienda Marekani akashindwa. Basi jina likageuka kuwa la kumcheka. Siku naondoka akaniuliza, "Kaka, hivi kweli Hasheem alifeli?" Hiace ya mjini ilikuwa inapiga honi, nikamjibu ovyo ovyo, nikapanda.

Jibu lenyewe ndo hili, na wa chumbani nao walisome.

Kwanza tuelewane hesabu. Timu ya NBA inaita wengi kambini, lakini ligi ikianza inabaki na watu 15 wa mkataba kamili. Uwanjani wanaingia watano. Kwa hiyo kuna watu kumi ambao maisha yao yanategemea hao watano ni akina nani. Sisi tumelelewa na Simba na Yanga: mtu kasajiliwa kwa mbwembwe, mechi tatu hajafunga, basi garasa. Hatuulizi mbele yake yupo nani.

Tumuulizie Hasheem basi. Alianza kucheza kikapu ana miaka 15 hivi, hapa hapa Tanzania. Wenzake kule wanaanza kabla hawajajua kusoma. Miaka saba baadaye, Juni 2009, Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika drafti nzima, nyuma ya Blake Griffin. Alikuwa ametoka chuo cha Connecticut, ambako alikuwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East mara mbili, 2008 na 2009. Haya, Memphis walikuwa na nani kati? Marc Gasol! Yule yule aliyekuja kuwa mlinzi bora wa NBA nzima mwaka 2013. Na baada ya drafti wakamleta Zach Randolph. Sasa kijana anayehitaji dakika nyingi ili akomae unamweka nyuma ya hao, halafu unashangaa hakomai? Msimu wake wa kwanza haujaisha wakampeleka ligi ndogo. Februari 2011 wakampeleka Houston, na huko alicheza mechi saba tu mpaka anaondoka kwenda Portland, Machi 2012.

Sisemi hakuwa na makosa. Mikono yake ilikuwa mizito kupokea pasi, na faulo alikuwa anazikusanya kama vocha. Halafu mchezo wenyewe ukahama. Namba saba wa drafti ile ile ya 2009 anaitwa Stephen Curry, na tangu huyo alipoanza kurusha kutoka mbali, kazi ya jitu refu la kusimama chini ya ringi ikapungua kila mwaka.

Lakini kinachoniuma zaidi ni Oklahoma. Hasheem alisaini pale 2012, timu imetoka kucheza fainali. Siku chache kabla ya msimu, tarehe 27 Oktoba, wakamuuza James Harden kwenda Houston. Huyo Harden ndiye aliyechaguliwa wa tatu mwaka 2009, yaani nyuma ya Hasheem moja kwa moja. Mashabiki wote walilia Harden kaondoka. Msimu huo Hasheem akacheza mechi 66, nyuma ya Kendrick Perkins, na kazi yake aliifanya. Ila ndani ya mauzo yale ya Harden kulikuwa na nafasi ya drafti, na mwaka 2013 Thunder wakaitumia kumchukua Steven Adams. Mtu wa kati, kijana, ana nguvu kama trekta. Mechi za Hasheem zikashuka kutoka 66 hadi 23, na 2014 akaondolewa. Yaani Harden alipouzwa, chenji yake ndo iliyokalia kiti cha Hasheem. Uzembe uko wapi hapo?

Misimu mitano, timu nne, mechi 224. Baada ya hapo akacheza Japan, akacheza Taiwan, na hata alipovuka miaka 35 bado alikuwa anavaa bukta. Huyo jamaa yangu wa Dar hata timu ya kitivo alitemwa siku ya pili ya mazoezi, na mimi ya nne. (Kocha alisema nina urefu mzuri ila nakimbia kama nimebeba maji.)

Jumamosi napanda Hiace ya Namanga, namsomea dogo hii yote pale pale kwenye nguzo, na wale wachungaji wakiwepo wasikilize pia. Nyavu ya ringi nimeshanunua. Mpira bado, wa kwetu umeisha vipele vyote, kwa hiyo mwenye wa zamani anaoutupa anitafute kabla ya Ijumaa.

Na usiku wa leo Thunder saa nane. Mwenye chaja aje nayo, ya kwangu imekufa.