Majina ya Abiria ni Amana

Hapana siku ipitayo katika gati la Kigoma, katika mwalo wa Kibirizi au katika stesheni ya reli, bila mwananchi kutoa jina lake na kumkabidhi mtu asiyemjua. Msafiri wa melini hutaja jina lake ili apewe tiketi. Msafiri wa treni ya kwenda Tabora hutoa kitambulisho chake kikaguliwe. Mama wa Ujiji apelekaye ada ya mwanawe aliyeko masomoni hutaja jina na namba ya simu mbele ya wakala wa fedha. Wote hawa hutoa majina yao kwa imani. Wakitoa fedha hupewa stakabadhi. Wakitoa majina hawapewi kitu.

Twapenda leo kulisema jambo hili waziwazi. Jina la mtu likisha kuandikwa katika daftari la kampuni, au kutiwa katika kompyuta yake, halikugeuka kuwa mali ya kampuni. Limebaki mali ya mwenyewe, na kampuni imepewa kulitunza tu. Ni amana. Kwa hivyo kampuni yoyote inayofanya kazi katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika yafaa ipimwe kwa namna inavyoitunza amana hiyo, kama ipimwavyo kwa hesabu za fedha zake na kwa uzima wa vyombo vyake.

Amana ya namna hii ina masharti matatu. La kwanza, maandishi yawe ya kweli. La pili, yapatikane saa yanapotakiwa. La tatu, yasifunuliwe kwa mtu asiyehusika. Mafundi wa kompyuta wa dunia nzima hupima usalama wa kazi yao kwa mambo hayo matatu. Lakini sisi watu wa maziwa hatukuyajua kwa kusoma vitabu vya mafundi. Tuliyajua kwa misiba.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha yao. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa. Wa daraja la tatu, yaani makabwela wenye tiketi za bei nafuu, hawakuwa na orodha ya majina. Kwa sababu hiyo hata leo hakuna awezaye kusema kwa hakika ni wangapi walikuwamo. Jambo hili lataka kufikiriwa na kila mfanyakazi. Maskini yule alilipa nauli yake kwa haki, akapanda kwa haki, lakini daftari halikumtambua. Jamaa zake walipokuja kuuliza habari zake, hapakuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba alisafiri.

Miaka 22 ikapita. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, na watu 228 wakafa. Kivuko kile kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101. Safari hii mashine ya tiketi ilikuwapo. Lakini mkata tiketi alikufa maji, na mashine yake ikapotea pamoja naye. Siku zile za uokoaji viongozi hawakuweza kutaja idadi kamili ya watu waliokuwamo. Basi ni dhahiri kwamba kuwa na mashine si kuwa na usalama. Daftari likibaki chomboni peke yake, litazama pamoja na chombo. Nakala moja iliyoachwa nchi kavu kabla ya kamba kufunguliwa ingewaambia waokoaji ni watu wangapi wa kutafutwa.

Na mtu wa Kigoma asiseme kwamba hayo ni mambo ya Ziwa Victoria. Mwezi wa Desemba 2014 meli iitwayo Mutambala ilizama katika ziwa letu hili, upande wa Kongo, na watu zaidi ya 100 wakaangamia. Maji ya Tanganyika yana kina kirefu kuliko ya Victoria, na dhoruba zake mabaharia wetu wanazijua. Ziwa halimwulizi mtu alipanda daraja gani.

Hayo ni masharti mawili ya kwanza, ya ukweli na ya kupatikana. Sharti la tatu, la siri, halina uzito mdogo, na mkoa wetu una sababu ya kulielewa kuliko mikoa mingi. Mwezi wa Mei 2015 maelfu ya watu waliikimbia Burundi wakajaa katika kijiji cha Kagunga, mahali palipobanwa baina ya milima na ziwa. Kipindupindu kikaingia, na watu wapatao 30 wakafa. Meli yetu kongwe, Liemba, ikawabeba kwa mamia kuwaleta Kigoma, na kutoka hapa wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Kila mmoja wao ilimbidi aandikishwe: jina lake, kwao, jamaa zake, na kama ni mgonjwa, ugonjwa wake.

Daftari la namna hiyo lina kazi mbili zinazopingana. Likiwa mikononi mwa mganga na mgawa chakula, laokoa maisha. Likiangukia mikononi mwa yule aliyemfanya mtu akimbie, laweza kumwua yeye au jamaa zake waliobaki nyuma. Karatasi ni ile ile na majina ni yale yale. Tofauti ni mkono ulioishika. Ndiyo maana twasema kwamba kutunza siri za watu si ufundi tu. Ni tabia.

Historia ya Ujiji yatufundisha hayo tangu zamani. Mwaka 1869 David Livingstone alifika Ujiji akiwa mgonjwa, akakuta vitu vingi alivyoletewa kutoka pwani vimekwisha kuibwa. Aliandika barua nyingi kupeleka Unguja, na karibu zote hazikufika, kwa maana wengi wa waliokuwa na misafara hawakutaka aliyoyaona yajulikane. Aliporejea Ujiji mwaka 1871, mtu aliyekabidhiwa bidhaa zake alikuwa amekwisha kuziuza. Hapo hapakuvunjwa kufuli wala mwizi hakupita dirishani. Aliyeiharibu amana ndiye aliyekabidhiwa amana. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Hali ya leo si mbali na hiyo. Wakubwa wengi wakisikia habari za usalama wa kompyuta hufikiri juu ya mjuzi fulani wa nchi za mbali anayevunja milango usiku. Watu wa namna hiyo wapo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imelifanya kosa tendo la kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa. Lakini hasara nyingi za kila siku hutoka karibu zaidi. Ni nani asiyepata kupokea katika simu yake ule ujumbe wa matapeli usemao kwamba fedha ile itumwe kwa namba hii? Tapeli anayebahatisha namba ni hatari ndogo. Tapeli anayelijua jina lako, na kujua kwamba jana ulipokea fedha, ni hatari kubwa. Na habari hizo hakuziokota ziwani. Daftari la wakala lililolala wazi juu ya meza ya kibanda, kila mpita njia akisoma majina na namba, ni mlango usio na komeo. Karani amwonyeshaye rafiki yake miamala ya mteja kwa kikombe cha chai naye ameuza kitu kisicho chake.

Mwaka 2020, kufikia tarehe 20 Januari, wananchi walitakiwa kuwa wamekwisha kuandikisha laini zao za simu kwa alama za vidole. Waliitika, wakapanga foleni, wakaweka vidole vyao. Neno la siri likiibwa laweza kubadilishwa, kidole hakibadilishwi. Aliyepokea alama ya kidole amepokea kitu ambacho mwenyewe hawezi kukipata kingine mpaka aingie kaburini.

Nchi yetu imekwisha kuweka sheria juu ya mambo haya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ikazinduliwa tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo yataka anayekusanya habari za watu ajiandikishe kwa Tume, azikusanye kwa kusudi halali lililotajwa, wala asizitumie kwa jambo jingine. Yampa mwananchi haki ya kuuliza ni habari gani zake zimewekwa, na ya kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Lakini sheria haina miguu. Haitatembea yenyewe kutoka Dar es Salaam mpaka Kibirizi. Yataka watu wa hapa hapa waulize.

Basi kampuni ipimwe vipi? Hatuamini kwamba kupima ni kuhesabu kompyuta mpya zilizonunuliwa, wala kusoma ripoti iliyoandikwa na meneja juu ya kazi yake mwenyewe. Maswali yenyewe ni mepesi, na kila mfanyakazi aweza kuyaelewa. Neno la siri la kompyuta ya tiketi lajulikana na watu wangapi? Ikiwa ofisi nzima yatumia neno moja, basi kosa likitokea hakuna atakayejulikana kuwa amelifanya. Karani aliyeacha kazi mwaka jana bado aweza kuingia? Aandikaye abiria na ahesabuye vichwa mlangoni ni mtu mmoja au wawili? Nakala ya orodha ya abiria huachwa nchi kavu kabla ya chombo kung'oa nanga? Umeme ukikatika, kazi huendelea kwa daftari la mkono, au abiria hupakiwa bila kuandikwa? Majina ya safari ya miaka mitano iliyopita yamewekwa kwa faida gani, na nani huyasoma? Ukaguzi wa namna hii ufanywe siku isiyotangazwa, na ufanywe na mtu asiyekula mshahara wa anayekaguliwa.

Liko na swali moja zaidi ambalo mashine haiwezi kulijibu. Karani akiamriwa na mkubwa wake kuandika abiria 100 hali chombo kimepakia 160, atafanya nini? Akikataa, atalindwa na nani? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Daftari la uongo halianzi kwa ufundi mbaya; huanzia pale mtu mnyonge anapoogopa kupoteza kazi yake, na mtu mkubwa anapojua kwamba anaogopwa. Kampuni ambayo karani wake hawezi kusema hapana bila kufukuzwa haina usalama wowote, hata ikinunua mashine za Ulaya nzima. Kwa hiyo twavitaka vyama vya wafanyakazi vilitie jambo hili katika mikataba yao na waajiri: kwamba mfanyakazi anayekataa kuandika uongo, au anayetoa taarifa ya siri za wateja kuuzwa, asiadhibiwe.

Wala wafanyakazi wasisahau kwamba na wao wamo daftarini. Kampuni ina mishahara yao, magonjwa yao, alama za vidole vyao vya kuingilia kazini, na pengine picha zao za kutwa. Usalama usifanywe kisingizio cha kumpeleleza mfanyakazi mpaka kitandani kwake. Mwajiri ana haki ya kujua ni nani aliyefungua kompyuta ya tiketi saa nne usiku. Hana haki ya kujua mfanyakazi anazungumza nini na mkewe. Sheria ile ile inayomlinda abiria yamlinda na baharia.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni gharama, na kwamba kampuni ndogo zenye mashua mbili tatu haziwezi kuyamudu. Twajibu kwamba mengi ya tuliyoyataja hayana bei kubwa. Daftari la pili laachwa kwa mkuu wa mwalo kwa bei ya daftari. Kufuta jina la karani aliyeondoka hakulipiwi. Kufunika daftari juu ya meza hakulipiwi. Kinachotakiwa hasa ni nidhamu, na nidhamu haiuzwi dukani. Ama kampuni kubwa, ambazo zina fedha na mafundi, hazina udhuru hata mmoja.

Twawataka wenye vyombo, wakuu wa bandari, mawakala wa fedha na waajiri wote wa Kigoma na Ujiji wajipime kwa maswali hayo kabla ya kupimwa na wengine. Na wewe ndugu msafiri, usione haya. Ukipanda chombo, dai uandikwe jina lako kamili, na uulize nakala ya orodha imeachwa kwa nani. Asiyeweza kukujibu swali hilo hajastahili nauli yako.