Vifaru ghalani: mtaji uliolala au bima ya nchi?

Mfanyabiashara wa alizeti mjini Singida anaujua uchungu wa mzigo uliolala. Wakati wa mavuno bei huwa chini kwa kuwa kila mkulima anauza. Mwenye ghala hununua, akagharamia magunia, dawa ya wadudu na mlinzi, na fedha yake ikakaa miezi bila kuzunguka. Akiulizwa kwa nini hauzi, jibu lake ni fupi: siku mzigo utakapoadimika, bei hii haitakuwepo.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza jambo ambalo walipa kodi wengi huliona kuwa ni ufujaji, yaani kwa nini nchi nyingi hurundika vifaru vya kivita kwa mamia na hata maelfu, ilhali vingi vitazeeka bila kufyatua risasi vitani.

Sababu ya kwanza ni kwamba kifaru hakinunuliwi siku ya haja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Urusi ya Kisovieti ilikuwa na vifaru zaidi ya 50,000. Mkataba uliotiwa saini mjini Paris Novemba 1990 uliweka kikomo cha vifaru 20,000 kwa kila kambi barani Ulaya, na wengi wakaona biashara hiyo imekwisha. Ujerumani, iliyokuwa na Leopard 2 zaidi ya 2,000, iliviuza vingi kama mitumba, vingine kwa bei ya kutupwa. Ilipofika mwaka 2022 ilibakiwa na takriban 300.

Februari mwaka huo Urusi ilivamia Ukraine, na soko likageuka. Poland ilikimbilia Korea Kusini kuagiza vifaru 180 kwa mkupuo. Mei 2023 Ujerumani iliagiza Leopard vipya 18 tu, kwa zaidi ya euro milioni 500, na kuvipata ikawa ni suala la kusubiri miaka. Urusi nayo ilifungua maghala na kutoa vifaru vya muundo wa miaka ya 1950 na 1960, ambavyo wengi walishavihesabu kuwa chuma chakavu. Aliyeuza mapema alinunua kwa bei ya njaa.

Wapo watakaosema hayo ni ya Ulaya. Lakini Tanzania nayo ina hesabu yake. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na Novemba 1 Amin akatangaza kuwa eneo la Kagera ni mali ya Uganda. Tanzania ilikuwa na vifaru vya Kichina, lakini jeshi lote kwa ujumla lilikuwa dogo, na ndani ya miezi michache ilibidi liongezwe hadi kupita watu 100,000 pamoja na mgambo. Magari ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na vifaa. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na gharama ya vita ikakadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 500.

Nani alilipa? Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikawa miaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka na mafuta yakapanda mwaka 1979, hivyo si haki kuitwika vita lawama yote. Hata hivyo, fedha za kigeni zilizokwenda kwenye risasi na dizeli ndizo ambazo zingeleta tairi, vipuri na sabuni. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, na mwenye duka aliyekutwa na katoni za ziada stoo akajikuta mahabusu. Serikali ikiweka akiba huitwa ulinzi. Mfanyabiashara alipoweka akiba mwaka ule, iliitwa hujuma.

Pamoja na hayo, wingi wa vifaru peke yake si bima. Novemba 3, 1978 Waganda walilivunja daraja la Kyaka, na ikabidi daraja la muda lijengwe ndipo zana nzito zivuke Mto Kagera. Kabla ya hapo vikosi vilikuwa vimetolewa hadi kusini mwa nchi, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Kifaru kina uzito wa tani 36 na kuendelea, na kikitembea chenyewe masafa hayo hula mafuta na minyororo yake kabla ya kumwona adui. Bila behewa, daraja na dizeli, ni mzigo ulioozea ghalani.

Hapo ndipo maslahi ya jeshi na ya mfanyabiashara wa Singida yanapokutana. Reli ya kutoka pwani kwenda Mwanza ndiyo inayopita Manyoni na Itigi. Behewa na daraja vinavyobeba zana nzito siku ya vita hubeba mafuta ya alizeti na vitunguu siku nyingine zote. Shilingi iliyowekwa relini inafanya kazi kila siku. Iliyowekwa kwenye kifaru inasubiri siku moja, ambayo kila mtu anaomba isifike.

Kwa hiyo wanaodai vifaru viuzwe vyote vijengwe viwanda wasome hesabu ya 1979 kwanza. Na wanaotaka viongezwe waulizwe vitafikaje mpakani. Mwenye ghala asiye na njia ya kufikisha mzigo sokoni hana akiba, ana gharama. Hilo, wafanyabiashara wa Singida hawahitaji kufundishwa na jenerali.