Ziwa Lisilo na Mlango

Mtu akishuka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa kwa barabara ya Ntendo hadi Muze, kisha akaifuata njia ya bondeni mpaka Kaoze, huwa ameuacha mwinuko wa takriban mita 1,800 na kulikaribia ziwa lililo kwenye mita 800 hivi. Nyuma yake kuna baridi na mahindi. Mbele yake joto na mpunga. Mvua hushuka mteremko uleule wa Lyamba lya Mfipa, ila yenyewe huteremka na udongo.

Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Momba, Songwe na Rungwa huingiza maji, na jua huyaondoa. Tope na chumvi hubaki. Kila kinachong’olewa juu kina mahali kimoja tu pa kwenda, na mahali hapo pana watu.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza darasani, tulipokuwa tukimjadili Hans Jonas na kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wajibu: “Mwalimu, mtu ambaye hajazaliwa ananidai nini?” Swali lilikuwa la haki, na siku ile nililijibu vibaya, kwa maneno mengi ya Kijerumani. Leo ningemwonyesha Kaoze. Mvuvi wa bondeni hamjui aliyekata miti kwenye kilima cha juu, wala hawatakutana. Hata hivyo hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema kwamba, kwa kuwa hawajuani, tope halimhusu aliyelisababisha. Ikiwa umbali wa mahali haufuti deni, umbali wa miaka utalifutaje? Tofauti ni moja tu: mvuvi anaweza kupanda mlima akalalamika. Mjukuu wake ambaye hajazaliwa hawezi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanamazingira wenzangu wapendao kusema “sote tunawajibika”. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini katika mikutano yetu imekuwa shuka la kuwafunika wakubwa. Mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng’ombe wake hutajwa kwanza, kwa kuwa anaonekana. Mnunuzi wa mkaa wa mjini hatajwi. Mtumishi aliyeidhinisha shamba mahali pasipofaa naye hatajwi, na huenda ndiye anayeongoza kikao. Wajibu ni wa wote, lakini uzito wake hufuata uwezo wa kuamua.

Sheria tunazo. Ibara ya 27 ya Katiba inamtaka kila mtu alinde maliasili, na inatutaka tuuendeshe uchumi kama watu wanaoamua hali ya baadaye ya taifa lao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita 60! Kwa ofisa ni kipimo. Kwa mama ambaye bustani yake ya kiangazi yote imo humo, ni chakula cha watoto waliokwisha kuzaliwa. Anayemwondoa bila kumwonyesha pa kulima hajawalinda wajao. Amewahamishia njaa walio hai.

Wafipa hawakuhitaji kusubiri sheria kulijua jambo hili. Katika uwanda wenye miti michache, walijenga ntumba: matuta ya mviringo ambamo nyasi hufukiwa chini ya udongo zioze, na msimu unaofuata tuta husambazwa ili shamba lipandwe. Mwenye kulima hutoa jasho leo kwa mavuno ya mwaka ujao. Sidai kwamba wazee wetu walikuwa malaika wa mazingira. Tanuri zao ndefu za kuyeyushia chuma zilikula mkaa mwingi. Lakini walijua kuurudishia udongo kitu.

Sasa bonde hilihili limetajwa duniani kwa gesi ya heli, iliyotangazwa mwaka 2016. Gesi hiyo hutengenezwa na miamba kwa mamilioni ya miaka, na ikishavujia hewani hupaa, mwishowe ikaiacha dunia kabisa. Nimesikia mijadala ya mrabaha na ajira, yote halali. Sijasikia bado mtu akiuliza ni sehemu gani ya mapato itakayowekwa kwa ajili ya mtu wa Kaoze atakayeishi visima vikiwa vitupu.

Pendekezo langu ni dogo. Mipango ya matumizi ya ardhi hufanywa kijiji kwa kijiji, kana kwamba mto husimama mpakani. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa na halmashauri ziwakutanishe wa juu na wa chini katika kikao kimoja, na kikao hicho kifanyike bondeni, wakati wa masika, ili wajumbe wa kutoka Sumbawanga wayaone maji yakifika na rangi yake.