Mukutano wa wazazi si wa franga tu

Masomo yamefunguka, na makaratasi ya kuita wazazi ku mukutano yameanza kuingia mu manyumba. Kila mwaka tunaona namna moja. Mama anaenda, baba iko ku kazi, ao amelala juu alifanya ekipi ya usiku. Mukubwa wa masomo anasoma hesabu ya franga, watu wanabishana, kisha kila mutu anarudi kwake. Juu ya mambo yenye watoto watafundishwa, hakuna mwenye kuuliza.

Hii tabia iko na mizizi. Wazee wetu wa Union Minière na wa Gécamines walikuwa na masomo ya kampuni. Kampuni ilijenga, ilileta mwalimu, ilitoa daftari. Muzazi hakuulizwa kitu, na yeye pia hakuuliza. Ile wakati imepita. Leo wengi wetu tuko ku kampuni ndogo zenye kukodisha watu, mukataba ni wa miezi, na mutoto anasoma kwenye muzazi mwenyewe amemuandikisha. Basi ni sisi tunapaswa kuuliza.

Franga zizungumzwe, ndiyo. Katiba, mu artikulo 43, inasema masomo ya primeri ya serikali ni ya bure, na tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 serikali ilianza kuitimiza. Kama mu primeri ya serikali wanaomba mfuko, muliza ni wa nini na nani aliamua. Lakini hiyo isikule saa yote. Programu pia inaomba nafasi yake.

Tuanze na wadogo. Miaka 2 ya kwanza, programu inataka mutoto afundishwe mu luga ya kwao. Huku kwetu ni Kiswahili. Wazazi wengi wanakasirika: "Kiswahili anakijua, tulimutuma ajue Kifaransa." Tunaelewa. Mukataba wa kazi ni Kifaransa, barua ya kufukuza mutu ni Kifaransa. Lakini mutoto mwenye kuanza kusoma mu luga anayosikia, anajua kama kusoma ni kuelewa, hapana kuimba maneno. Ile ufundi anaenda nayo mu Kifaransa. Shida iko fasi ingine. Ku nyumba tunasema "batu", kitabu kinaandika "watu", na mutoto anafikiri amekosa. Kisha mwaka wa 3 Kifaransa kinakamata nafasi, na mwenye hakutayarishwa anabakia nyuma. Basi muulize mwalimu: Kifaransa cha kusema kinaanza lini? Vitabu viko vingapi, na watoto wangapi? Na muulize mu Kiswahili, bila haya. Ni moja ya luga 4 za taifa.

Ku mwaka wa 6 kuko mutihani wa ENAFEP. Wengi wanafikiri hapo mutoto amemaliza. Hapana. Sheria ya masomo ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 inasema elimu ya musingi ni miaka 8. Mutoto mwenye kuachia ku 6 amekatika katikati ya njia. Na sisi watu wa mugodi tunajua kwenye anaenda: ku karieri, kuosha mawe ao kubeba mifuko. Sheria inakataza mutoto kuchimba, lakini karieri haiulize buletini. Pale ku mukutano, muulize mukubwa wa masomo: mwaka uliopita watoto wangapi walipita ku ENAFEP, na wangapi waliingia kweli mu mwaka wa 7?

Mwaka wa 7 na wa 8 ndiyo wazazi wanajua kidogo sana, na ndiyo wenye uzito. Hapo programu mpya inaleta hesabu, sayansi na kompyuta kwa nguvu. Ku mwisho wa 8 kuko TENASOSP, mutihani wenye kusaidia kuonyesha mutoto anafaa njia gani: sayansi, ualimu, biashara, umeme, makanika, ujenzi, kushona. Kisha miaka 4 ya umanite, na mutihani wa serikali. Ile njia mutoto anakamata akiwa kijana mudogo tu. Mara nyingi anafuata rafiki, ao anakamata ile yenye iko karibu na nyumba. Miaka 4 kisha, kampuni inatafuta mutu wa umeme na wa makanika, na huyu wetu iko na diploma yenye hakuchagua. Musingoje mwaka wa 8 uishe. Muulize leo njia gani ziko pale, na kama ya makanika iko na atelie ao iko ku karatasi tu.

Muulize tena juu ya kompyuta. Fasi nyingi inafundishwa na chaki, mutoto anachora klavie mu daftari. Shaba na kobalti yetu inaenda kutengeneza mashini za dunia, na mutoto wa muchimbaji hajagusa hata moja. Hapa kuko njia ya sheria. Kodi ya migodi yenye ilirekebishwa mu mwezi wa 3 mwaka 2018 inaomba kampuni itoe angalau 0,3 % ya mauzo yake juu ya maendeleo ya wenyeji. Komite ya wazazi iandike maombi yake: mashini, umeme, vitabu, atelie. Mukubwa wa masomo aweke sinyatiri, na karatasi ifike ku wale wanaosimamia ile mfuko. Maneno ya mudomo yanabakia mu chumba cha mukutano.

Inabakia swali la saa. Kwa wakubwa wa kampuni tunaomba kitu kidogo: mufanyakazi mwenye karatasi ya masomo abadilishane ekipi na mwenzake siku ile moja, bila kukatiwa mushahara. Kwa wakubwa wa masomo tunaomba mukutano uitwe juma moja mbele, ili mutu apate wakati wa kupanga. Na kwa wanaume wenzetu: kama kweli haiwezekani, mukae na mama mu usiku wa mbele, muandike maswali 3 ku karatasi, aende nayo. Akirudi, mumuulize walijibu nini, mbele ya kumuuliza walisema franga ngapi.