Kuwapumzisha Wazee Si Kuwaheshimu

Liko neno linalosikika mara kwa mara katika vigango vyetu, tena kwa sauti ya upole: "Mzee apumzike." Kwa neno hilo mzee huondolewa katika kusoma masomo ya Misa, katika uongozi wa Jumuiya, hata katika hesabu za kigango alizozitunza miaka mingi bila senti kupotea. Hupewa kiti kivulini na kusahauliwa hapo. Sisi twasema wazi kwamba hiyo ni dhuluma.

Akili hudumu kwa kutumiwa. Hatusemi kwamba kila ugonjwa wa kusahau huzuilika, maana wapo walioishughulisha akili maisha yao yote na bado wakaugua. Hata hivyo, tume ya jarida la kitabibu The Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa huo duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, endapo mambo 14 yangeshughulikiwa. Miongoni mwake ni elimu haba, usikivu uliopungua, macho yasiyotibiwa na upweke. Na huo upweke hautoki mbinguni. Hutengenezwa nyumbani na kanisani.

Mwalimu Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985. Je, alikaa kivulini? Aliziweka Injili nne na Matendo ya Mitume katika tenzi, zikachapwa mwaka 1996, naye amekwisha kupita miaka 70. Mtasema huyo alikuwa msomi. Basi mtazameni mzee asiyejua kusoma anapocheza bao: mashimo 32, kete 64, naye huona kete zitakakoishia kabla hajazigusa. Na bado wapo viongozi wa walei wanaouita mchezo huo uvivu!

Lakini lililo zito zaidi ni hili. Bibi akisahau njia ya kwake, akisema peke yake usiku, wengine hunong'ona kwamba ni mchawi. Huko Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoumizwa na moshi wa jikoni. Mkristo anayekwenda kwa mpiga ramli kuuliza habari za mama yake mzazi, kisha Jumapili akapokea Komunyo, anafanya mzaha na Mwili wa Bwana. Kusahau kupita kiasi ni ugonjwa. Mgonjwa hupelekwa zahanati.

Kwa hiyo twadai kwamba kabla ya Kwaresima kila Jumuiya ifikishe kwa Halmashauri ya Walei majina ya wazee wasiosikia, wenye mtoto wa jicho, na wasiotembelewa. Pengine sikio limezibwa na nta tu, nayo husafishwa kwa muda mfupi. Watoto wa Komunyo ya Kwanza wapelekwe kwa wazee hao, si kuwaimbia na kuondoka, bali kuwauliza kigango kilianzaje, nani walifyatua matofali ya kanisa, na majibu yaandikwe daftarini. Na yule mtunza hesabu wa zamani arudishiwe vitabu avikague, hata kama wapo ambao hawatafurahi.